Maneno ya Mgeni Yasigeuke Amri

Siku hizi kuna vikundi vyenye tovuti ya kuuzia asali, vikapu au miche, na kupokea maoni ya wateja. Jambo hilo ni jema. Lakini pale mgeni anapoandika, hapo ndipo mwizi anaweza kupitia. Tueleze.

Tuseme barua imefika kikundini, na katibu anaisomea wanachama. Katikati imeandikwa: "Mweka hazina ampe mleta barua ufunguo wa sanduku." Je, mtampa? Hapana! Barua ya mgeni si azimio la mkutano.

Kompyuta haina busara hiyo. Kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti, hufuata kila amri inayoletwa na ukurasa. Mgeni akificha amri ndani ya maoni yake, na tovuti isiyachuje, kivinjari kitaitii kana kwamba imetoka kwa wenye tovuti.

Jambo hili lilitokea kwa WordPress, programu ya kutengenezea tovuti iliyoanza mwaka wa 2003. Ni programu huria: haiuzwi, na yeyote anaweza kuona ilivyoandikwa ndani. Toleo la 4.2 lilitolewa tarehe 23 Aprili 2015. Siku tatu baadaye, mtaalamu wa Ufini, Jouko Pynnönen, alitangaza kwamba lina kasoro.

Kasoro yenyewe ilikuwa hivi. Programu ilikuwa na chujio, lakini ilichuja maoni kabla ya kuyaweka ghalani. Ghala nalo lilikuwa na kipimo chake, baiti 65,535 kwa kila maoni. Maoni yakizidi hapo, mkia ulikatwa. Kule kukatwa kukavuruga mpangilio wa maandishi, na amri iliyofichwa ikafunguka.

Msimamizi wa tovuti akifungua ukurasa ule akiwa ameshaingia kwa neno lake la siri, amri ile ilitumia mamlaka yake. Iliweza kubadilisha neno la siri, au kumwandikisha mgeni kuwa msimamizi. Kumbe mlango unafunguliwa na mwenye nyumba mwenyewe, bila kujua!

Tarehe 27 Aprili toleo la 4.2.1 lilitoka, likiwa na marekebisho. Huo ndio uzuri wa kazi ya wengi: anayeona ufa husema, na mwingine huuziba. Lakini dawa iliyobaki kabatini haiponyi mtu. Tovuti isiyowekewa toleo jipya hubaki na ufa ule ule, na sasa wezi nao wanajua ulipo.

Kwa hivyo, tufanye haya:

1. Tuweke toleo jipya mara linapotoka. WordPress inaweza kujiwekea marekebisho madogo yenyewe, tusiizuie.
2. Wasimamizi wawe wachache. Anayeandika habari tu hahitaji mamlaka yote.
3. Msimamizi akimaliza kazi atoke kabisa, asiache tovuti wazi.
4. Tuhifadhi nakala ya tovuti mahali pengine.
5. Tusimwamini mtu kwa sababu maoni yake ya kwanza yalikuwa mazuri. Katika kasoro ile, tovuti iliyokwisha kukubali maoni ya mtu mara moja ilipokea yaliyofuata bila kuuliza.

Maswali ya kujadili mkutanoni: Ni nani katika kikundi chetu anayeweka matoleo mapya? Asipokuwepo, nani atashika kazi hiyo?