Lugha ya Kutabiri: Mazao ya Mimenyuko ya Amini

Mwanafunzi wa Ipinda, wilayani Kyela, husoma sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya umma, kisha huikuta kemia ya sekondari kwa Kiingereza. Hatari iliyopo katika mpito huo ni kukariri majina ya mazao bila kufahamu yanakotoka. Mfano wa amini unatosha kulifafanua jambo hili.

Amini, istilahi isiyo na uhusiano na kitenzi kuamini, ni kampaundi itokanayo na amonia baada ya haidrojeni moja au zaidi kubadilishwa na kundi la kaboni. Naitrojeni yake hubaki na jozi ya elektroni isiyofunga kitu. Kutabiri zao ni kuuliza: jozi hiyo itatolewa kwa nani?

Tuchukue usipa wa Ziwa Nyasa. Samaki akianza kuharibika, bakteria huvunja protini, na miongoni mwa vinavyozalishwa ni amini zenye harufu kali. Mpishi akimkamulia limau, asidi hutoa protoni, naitrojeni huipokea kwa jozi yake, na zao ni chumvi. Kwa kuwa chumvi haigeuki mvuke kwa urahisi, harufu hupungua. Hata hivyo, samaki aliyeharibika hajarudi kuwa mzima; kilichobadilika ni amini tu.

Swali lilelile hutatua kesi ngumu zaidi. Amini ikikutana na haloalkani, jozi hushika kaboni na halojeni huondoka. Amini mpya bado ina jozi iliyo tayari kutolewa. Hivyo mmenyuko huweza kuendelea hadi naitrojeni ibebe makundi manne. Lakini amini yenye haidrojeni ikikutana na kloridi ya asidi, zao ni amidi, na mmenyuko kwa kawaida huishia hapo, kwani jozi sasa huvutwa na kundi jirani lenye oksijeni.

Mwaka 1990 TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Istilahi, basi, zipo. Zinazohitajika zaidi ni sentensi zinazounganisha istilahi hizo kwa sababu na matokeo: nani anatoa, nani anapokea, na kwa nini mmenyuko unasimama. Mwanafunzi anayeweza kuyasema hayo kwa lugha anayoimudu hana haja ya kukariri kila zao.