Breki Zilizotangulia Wakati: Historia ya ABS na Changamoto ya Istilahi

UTANGULIZI

Wahenga walilonga kuwa haraka haraka haina baraka. Aghalabu methali hii humlenga mtu anayekimbilia jambo kabla ya kujiandaa. Katika historia ya magari, hata hivyo, yafaa kuelekezwa kwa uvumbuzi wenyewe, kwani zipo zana zilizobuniwa vyema na kufanya kazi ipasavyo, lakini zikafika sokoni kabla ya mazingira yake kuwa tayari. Makala haya yanaangazia mfumo wa breki unaotambulishwa kwa herufi ABS. Yananuia kueleza jinsi unavyofanya kazi na kwa nini ulichelewa kuenea. Aidha, yanadai kwamba kwa msemaji wa Kiswahili safari ya mfumo huu haijakamilika: gari limefika, maelezo yangali njiani.

TATIZO LA GURUDUMU LINALOBURUZIKA

Dereva anapokanyaga breki kwa nguvu na ghafla, hasa kwenye barabara yenye maji, gurudumu laweza kuacha kuzunguka ilhali gari lingali linakwenda. Gurudumu la namna hiyo haliviringiki tena, bali huburuzika. Athari zake ni mbili. Kwanza, kwenye lami, mpira unaoburuzika huishika barabara kwa uthabiti mdogo kuliko ule ambao ungali unaviringika. Pili, na hili ndilo la hatari zaidi, magurudumu ya mbele yanapoburuzika, usukani hupoteza mamlaka. Dereva huugeuza ili amkwepe mtoto aliyejitosa barabarani, lakini gari huendelea moja kwa moja kana kwamba halikuamrishwa.

Madereva wa zamani walifunzwa kuikabili hali hii kwa kukanyaga na kuachilia breki mara kwa mara. ABS hufanya kazi iyo hiyo, ila kwa kasi ambayo mguu wa binadamu hauwezi kuifikia.

KUTOKA NDEGE HADI GARI

Wazo hili si geni. Mnamo mwaka wa 1936, kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilipata hataza ya kifaa cha kuzuia magurudumu ya gari yasikwame wakati wa kufunga breki. Hata hivyo, mafanikio ya mwanzo yalionekana kwenye ndege. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, kampuni ya Dunlop ya Uingereza ilitengeneza kifaa kilichoitwa Maxaret. Ndani yake mlikuwa na gurudumu dogo zito lililozungushwa na gurudumu la ndege. Gurudumu la ndege lilipopunguza kasi ghafla, lile dogo liliendelea kuzunguka kwa msukumo wake lenyewe, na tofauti hiyo ikafungua vali iliyopunguza shinikizo la breki. Kifaa hiki hakikuhitaji kompyuta.

Mwaka wa 1966, kampuni ya Jensen ya Uingereza iliutia mfumo wa Maxaret katika gari lake lililoitwa Jensen FF. Gari hilo vilevile liliendeshwa na magurudumu yote manne. Muungano huo wa sifa mbili haukuwa umewahi kuonekana katika gari la kawaida la kuuzwa. Hata hivyo, utengenezaji wake ulipokoma mwaka wa 1971, ni magari 320 tu yaliyokuwa yameundwa.

KWA NINI WAKATI ULIKATAA?

Sababu za hali hiyo ni kadhaa. Mosi, bei yake ilikuwa ghali mno. Pili, mitambo ya kuendesha magurudumu manne ilichukua nafasi upande wa kushoto, hivyo usukani ukabakia kulia na soko kubwa la Marekani likafungika. Tatu, kifaa kilichohisi mwendo kilikuwa kimoja tu kwa gari zima, na kwa hivyo hakikuweza kulihudumia kila gurudumu peke yake.

Kilichokosekana ni elektroniki ya kutegemewa. Kitengo cha majaribio cha Kijerumani cha mwaka wa 1970 kilikuwa na takriban vipuri 1,000, na wingi huo ulizidisha uwezekano wa hitilafu. Teknolojia ya kidijitali ilipokomaa, idadi hiyo ilishuka hadi takriban 140. Mwishoni mwa mwaka wa 1978, mfumo wa Bosch ulianza kuuzwa katika magari ya Mercedes-Benz ya daraja la S. Herufi ABS zenyewe zilitokana na neno la Kijerumani Antiblockiersystem.

Mfuko wa hewa unaomkinga abiria ajalini ulipitia njia iyo hiyo. Mmarekani John Hetrick alipata hataza yake mwaka wa 1953, wakati ambapo hapakuwa na kihisio cha kutambua mgongano kwa wepesi uliohitajika. Kampuni ya General Motors iliuza magari yenye mifuko hiyo katikati ya miaka ya 1970, kisha ikaacha. Ilirejea baadaye, soko na sheria zilipokuwa tayari.

CHANGAMOTO YA ISTILAHI

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapohusika. Magari mengi yanayoingia nchini Kenya yakiwa yametumika ng'ambo yana ABS. Mfumo huo unapofanya kazi, kikanyagio cha breki hutetemeka chini ya wayo na mngurumo husikika. Dereva asiyeelezwa hudhani breki zimeharibika, akainua mguu wakati ambapo angepaswa kuendelea kukanyaga kwa nguvu bila kuachilia. Au hutii mafunzo ya kale, akakanyaga na kuachilia, na hivyo kuuvuruga mfumo uliokusudiwa kumwokoa. Isitoshe, dereva anafaa kujua kuwa kwenye changarawe ABS yaweza kurefusha masafa ya kusimama, kwa sababu gurudumu linaloburuzika hapo hujirundikia kokoto mbele yake na kupata kizuizi.

Tuiteje basi? Mtu akitafsiri kwa pupa, atasema "breki zisizofunga". Lakini katika Kiswahili "kufunga breki" ni kusimamisha gari! Fundi wa jua kali akisikia istilahi hiyo ataelewa kuwa breki zimekufa. Mwandishi wa makala haya anapendekeza "breki kingamburuzo", kwa kuwa neno "mburuzo" hutaja tatizo lenyewe, nalo kiambishi "kinga-" tumekizoea katika "kingamwili".

HITIMISHO

Imebainika kuwa uvumbuzi hauenei kwa ubora wake pekee. Huhitaji vipuri, bei, soko, na pia lugha ya kumfikia mtumiaji. Ni wajibu wetu, wanafunzi na wahadhiri, kutoka madarasani, kwenda gerejini na katika shule za udereva, kuyasikiliza maneno yanayotumika huko na kuyapima. Istilahi isiyofahamika gerejini haitamfaa dereva barabarani, na huko barabarani kosa la ufahamu hugharimu uhai.