Mji wa Pili Kwanza: Hesabu Inayoamua Mshindi Katika Gemu za Kujenga Himaya

Gemu yangu ya kwanza ya Freeciv ilinichukua jioni tatu. Nilikuwa na mji mmoja mzuri kweli kweli: hekalu, maktaba, ukuta, na juu ya yote Sanamu Kubwa ya Rhodes, moja ya maajabu ya kale, ambayo niliijenga kwa zamu nyingi huku nikijiona fundi. Kisha jirani akatokea. Alikuwa na miji tisa, yote midogo na haina ajabu hata moja, lakini kila mji ulikuwa unatoa askari. Mimi nilikuwa na kikosi kimoja cha kulinda lango. Jioni ya tatu nikazima kompyuta, nikaenda kulala nimenuna.

Nilidhani nimezidiwa vita. Kumbe nilishashindwa zamani, ndani ya zamu hamsini za mwanzo, kabla hata sijamwona adui. Leo tuangalie hesabu iliyonimaliza, kwa sababu ukiielewa, gemu zote za jamii hii zitakuwa rahisi kwako.

Kwanza, tunazungumzia gemu gani?

Ni zile ambazo hakuna kukimbizana na saa. Unapanga mambo yako yote, unabonyeza kumaliza zamu, wengine wanacheza, zamu inarudi kwako. Maarufu kuliko zote ni Civilization, iliyotoka mwaka 1991 ikiwa imebuniwa na Sid Meier pamoja na Bruce Shelley. Freeciv ni ndugu yake wa bure. Ilianzishwa mwishoni mwa mwaka 1995 na wanafunzi watatu wa sayansi ya kompyuta wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, na toleo la kwanza likatoka Januari 1996. Mimi naipenda kwa sababu inakubali hata kwenye kompyuta ya zamani, na ukishaipakua huhitaji bando kucheza dhidi ya kompyuta.

Kwa mipangilio ya kawaida unaanza na makundi mawili ya walowezi, makundi mawili ya wafanyakazi na mpelelezi mmoja. Walowezi ndio wanaoanzisha miji. Mji unafanya kazi kwenye ardhi inayouzunguka, na ardhi hiyo inakupa vitu vitatu: chakula, uzalishaji na biashara. Kila mkazi anakula chakula vipimo 2 kwa zamu. Kinachobaki kinawekwa ghalani, na ghala likijaa mkazi mmoja anaongezeka. Mji ukifikisha wakazi wawili, unaweza kumtoa mmoja aende kama walowezi kuanzisha mji mwingine.

Soma tena hiyo sentensi ya mwisho. Mji unazaa mji. Hapo ndipo siri ilipo.

Hesabu ya Asha na Juma

Tuchukue mfano mwepesi, namba za kubuni tu. Tuseme kila mji unaweza kutoa walowezi wa mji mpya kila baada ya zamu 12. Asha anaanza na mji mmoja na hafanyi kingine chochote. Zamu ya 12 ana miji 2. Zamu ya 24 ana 4. Zamu ya 36 ana 8. Zamu ya 48 ana 16.

Juma naye anaanza na mji mmoja, ila zamu 24 za kwanza anajenga ajabu. Anamaliza, anafurahi, kisha anaanza kutoa walowezi kwa kasi ile ile ya Asha. Zamu ya 36 ana miji 2. Zamu ya 48 ana miji 4.

Juma alichelewa zamu 24 tu, lakini sasa ana robo ya miji ya Asha. Tena tuseme ajabu lake linaongeza uzalishaji wa mji wake kwa nusu. Nusu ya nini? Ya mji mmoja. Hata likiongeza miji yote minne, atakuwa na nguvu ya miji 6 mbele ya mtu mwenye 16.

Hii ndiyo tabia ya kitu kinachokua kwa kujizidisha. Riba ya mkopo iko hivyo, bakteria kwenye maziwa yaliyoachwa mezani wako hivyo. Mwanzoni tofauti haionekani: kati ya mji 1 na miji 2 nani ataogopa? Ikishaonekana, muda wa kuirekebisha umepita. Wachumi wana neno lao kwa bei aliyolipa Juma: gharama ya fursa, yaani thamani ya kile ulichokiacha ili upate ulichochagua. Bei ya ajabu lake haikuwa ule uzalishaji ulioandikwa kwenye skrini. Ilikuwa miji 12 ambayo haikuzaliwa.

Sasa fanya hivi

Moja, anzisha mji wako wa kwanza zamu ya kwanza au ya pili. Wageni wengi huzunguka zamu kumi wakitafuta mahali pazuri zaidi. Karibu na mto na nyasi panatosha. Mji wa wastani leo unashinda mji mzuri wa zamu ya kumi.

Mbili, mtume mpelelezi mara moja na usimsimamishe. Taarifa ina thamani kubwa mwanzoni kwa sababu utaitumia muda mrefu. Ukijua mapema jirani yuko kaskazini, utapeleka walowezi kaskazini kwanza kuziba njia, na kusini utajaza kwa raha zako baadaye.

Tatu, agizo la kwanza la kila mji mpya liwe askari mmoja wa bei rahisi, kisha walowezi, kisha walowezi tena. Usiache mji mtupu. Lakini pia usijaze askari watano pasipo na adui.

Nne, wafanyakazi wasikae bure. Wamwagilie ardhi ambayo wakazi wanailima sasa hivi, siyo ile ambayo mji utaifikia baada ya zamu mia.

Tano, kwenye utafiti, lenga ufalme. Unaanza chini ya udikteta, na kwa kanuni za kawaida za Freeciv kila kipande cha ardhi kinachotoa zaidi ya 2 ya kitu chochote hukatwa 1. Kwa hiyo unaweza kuhangaika kumwagilia nyasi na usione faida yoyote. Njia ya kutoka ni fupi: alfabeti, kisha sheria, na mazishi ya heshima pembeni. Hayo yakitimia, ufalme unafunguka.

Je, ni miji tu mpaka mwisho?

Hapana, na hapa wengi wanaoijua nusu ya hesabu hukwama. Hakuna kinachojizidisha milele. Mwaka 1838 mwanahisabati wa Ubelgiji, Pierre-François Verhulst, alionyesha kuwa idadi ya watu ikikaribia uwezo wa mazingira, ukuaji hupungua wenyewe, na mchoro wake hufanana na herufi S iliyovutwa: polepole, kasi, kisha polepole tena.

Kwenye gemu utaiona S hiyo bila kuchora. Ardhi inaisha. Miji ikizidi, wananchi wanaanza kunung'unika, na mji ukiingia kwenye ghasia uzalishaji wake unasimama. Hapo walowezi wa ziada hawana faida tena, na sasa ndiyo zamu ya mahekalu, maktaba, masoko na, ndiyo, maajabu. Swali la kujiuliza ni hili: kitu hiki kitarudisha gharama yake lini? Jengo la gharama 60 linaloleta 3 kwa zamu hujilipa baada ya zamu 20. Zikibaki zamu 200, jenga. Zikibaki 10, achana nalo.

Na usiogope kusoma maelekezo. Mwaka 2011 S.R.K. Branavan na Regina Barzilay wa MIT, Marekani, wakiwa na David Silver wa University College London, walitengeneza programu inayojifunza yenyewe kucheza Freeciv, kisha wakaipa kitabu cha maelekezo cha Civilization II. Bila kitabu ilishinda asilimia 46 ya michezo. Ilipojifunza kukitumia, ilishinda asilimia 79. Kama mashine inafaidika na kitabu, wewe ni nani uruke msaada?

Kwa nini naandika haya

Utafiti wangu wa uzamili ni wa udongo, na sampuli zangu zinachukuliwa wakati wa masika. Mwaka wa kwanza niliutumia kupamba sura ya pili, ile ya mapitio ya maandiko. Niliisoma na kuiandika upya hadi ikang'aa. Msimamizi aliniuliza mara mbili, "Shambani unaenda lini?" Nikamjibu, "Nikimaliza sura hii, mwalimu." Masika yakaja, yakapita. Nikasubiri mwaka mzima mwingine, na posho ya utafiti haikunisubiri.

Sura ile ilikuwa nzuri kweli. Ilikuwa Sanamu yangu ya Rhodes. Sampuli kumi tu za msimu ule zingenionyesha kasoro za mbinu yangu, nikazirekebisha, na msimu wa pili ungekuwa na faida maradufu. Hiyo ndiyo kazi ya mji wa pili.

Basi wikiendi hii ukipata nafasi, pakua Freeciv, weka kompyuta kwenye kiwango cha chini, na jiwekee lengo moja tu: miji sita kufikia zamu ya 50, bila ajabu hata moja. Ukishindwa, rudia ukiangalia ni zamu zipi zilipotea. Mimi nilifika miji sita kwenye jaribio la nne, na yule jirani safari hii aliomba amani yeye.