Tafiti za afya zinavyomkosa mfanyabiashara wa mpakani

KININDO, Bujumbura – Mdodosaji wa utafiti wa afya anapobisha hodi saa nne asubuhi, mfanyabiashara wa mpakani mara nyingi keshaondoka. Huenda yuko Kobero akisubiri mzigo ukaguliwe, au yuko Mugina akielekea Manyovu na Kigoma, na harudi leo wala kesho. Mdodosaji huandika kwamba hakumkuta na hupanga kurudi. Akimkosa tena na tena, fomu hufungwa bila majibu yake.

Jambo hilo laonekana dogo, lakini lina uzito. Takwimu za tafiti hizo ndizo zinazoiambia wizara ni watu wangapi wana presha, kisukari au unene uliozidi, na wangapi wamewahi kupimwa. Kwa takwimu hizo hupangwa mashine, dawa na wahudumu. Asiyeonekana katika hesabu huja kuonekana hospitalini, ugonjwa ukiwa umeshakomaa.

Kinindo ni mtaa wa kusini mwa Bujumbura, jirani na Ziwa Tanganyika. Mtu anayeishi hapa na kufuata bidhaa Tanzania anaweza kulala nje siku nyingi za mwezi. Kwake yeye, swali la nani anahesabiwa si la wataalamu peke yao.

Bambo na magunia

Hakuna nchi inayoweza kumpima kila mtu. Hufanya kama mnunuzi wa mchele anayechoma magunia machache kwa bambo, akatazama punje zilizotoka, kisha akajua shehena nzima ikoje. Kazi hiyo huwa ya kuaminika iwapo bambo limefika kila upande wa shehena. Likichoma magunia ya juu tu, mnunuzi atadanganyika.

Katika afya, magunia ni kaya. Burundi ilitumia sensa ya 2008 kuchagua maeneo ya tafiti za idadi ya watu na afya za 2010 na 2016-2017, chini ya taasisi ya taifa ya takwimu, ISTEEBU, ambayo sasa inaitwa INSBU. Maeneo huchaguliwa kwa bahati nasibu. Kisha kaya zilizomo huorodheshwa upya, na baadhi yake huchaguliwa tena kwa bahati nasibu. Awamu ya 2016-2017 iliwahoji wanawake zaidi ya 17,000 na wanaume zaidi ya 7,000. Ndiyo iliyoonyesha kwamba watoto 56 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa.

Hata hivyo, utafiti wa aina hiyo ulijengwa hasa kwa ajili ya uzazi, watoto, malaria na Ukimwi. Wanawake wanaohojiwa ni wa miaka 15 hadi 49. Mama wa miaka 55 anayeuza ndagala hayumo katika mahojiano hayo, ingawa umri wake ndio ule ambao presha na kisukari huzidi kuwapata watu.

Kwa magonjwa sugu yasiyoambukiza, Shirika la Afya Duniani lilitengeneza utaratibu mwingine uitwao STEPS, wenye hatua tatu. Kwanza ni maswali kuhusu tumbaku, pombe, chumvi, matunda, mboga na mazoezi. Pili ni vipimo vya mwili: urefu, uzito, kiuno na shinikizo la damu, ambalo hupimwa mara tatu. Tatu ni damu, kuangalia sukari na mafuta. Katika kila kaya huchaguliwa mtu mzima mmoja kwa bahati nasibu. Akiwa ni yule aliyeko Kobero, jirani au ndugu yake hawezi kujibu wala kupimwa badala yake.

Majirani walichogundua

Tanzania ilifanya utafiti huo 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64. Karibu asilimia 26 walikuwa na shinikizo la juu la damu, na asilimia 9 walikuwa na kisukari. Rwanda ilifanya 2012-2013 kwa watu wa miaka 15 hadi 64, na shinikizo la juu lilikuwa kama asilimia 15. Uganda, mwaka 2014, ilikuta takriban mtu mmoja kati ya wanne. Kenya, mwaka 2015, kwa watu wa miaka 18 hadi 69, ilikuta karibu asilimia 24.

Mfanyabiashara anajua kwamba bei ya debe hailinganishwi na bei ya kilo kabla ya kupima. Na takwimu hizi ni hivyo hivyo. Rwanda iliwaingiza vijana wa miaka 15, Tanzania ikaanzia 25. Kwa kuwa presha huongezeka kadiri umri unavyosonga, sehemu ya tofauti kati ya nchi hizo inaweza kutokana na umri wa waliopimwa tu. Anayetaka kulinganisha nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hana budi kuchukua watu wa rika moja kwanza.

Lakini takwimu inayostahili kumshtua msafiri si ya wagonjwa. Ni ya waliokuwa hawajui. Nchini Kenya, asilimia 56 ya waliohojiwa walikuwa hawajawahi kupimwa shinikizo la damu maishani mwao. Kwa sukari, walikuwa karibu asilimia 88. Kati ya waliokutwa na shinikizo la juu, kama mmoja tu kati ya sita ndiye aliyekuwa akijua hali yake. Na kati ya wanawake wa miaka 30 hadi 49, kama 16 tu katika kila 100 ndio waliokuwa wamewahi kuchunguzwa saratani ya mlango wa kizazi, ugonjwa unaoweza kuzuiwa dalili zikigunduliwa mapema.

Takwimu za namna hii hazipatikani katika daftari za hospitali. Hospitali inamjua aliyefika. Utafiti wa nyumba kwa nyumba ndio unaomkuta yule ambaye hajawahi kufika.

Hofu ya mlangoni

Kuna na kikwazo kingine. Mdodosaji huuliza kama nyumba ina redio, friji, baiskeli au pikipiki, sakafu ni ya nini na maji hutoka wapi. Mfanyabiashara akisikia hayo humwona mtu wa kodi, akajibu nusu au akafunga mlango.

Maswali hayo hutumika kuzipanga kaya kwa hali ya maisha, ili ijulikane kama maradhi na huduma vinatofautiana kati ya wenye uwezo na wasio nacho. Majina hayatolewi katika ripoti. Mtu anaombwa ridhaa kwanza, na ana haki ya kukataa swali, kukataa kutoa damu, au kukataa utafiti wote. Lakini waliosafiri na waliokataa wakiwa wengi wa kundi moja, kundi hilo hubaki gizani. Hakuna atakayeweza kusema kama wana presha kuliko wengine au wana nafuu.

Wanaopanga tafiti wana la kufanya: kurudi jioni na siku za Jumapili, kumwachia msafiri miadi ya siku atakayokuwa nyumbani, na kuvijulisha vyama vya wafanyabiashara mapema ili mgeni mlangoni asiwe kitendawili.

Kabla mdodosaji hajafika

Utafiti hautibu mtu. Kipimo cha siku moja ni dokezo, na anayeambiwa ana shinikizo la juu anatakiwa kwenda kituo cha afya kupimwa tena. Wala hakuna haja ya kungoja kuchaguliwa kwa bahati nasibu. Kupima presha huchukua dakika chache: kaa kitako ukipumzika kwa dakika tano, mkono ukiwa umeegemezwa, bila kahawa wala sigara muda mfupi kabla.

Anayepimwa pande mbili za mpaka na aangalie vipimo vinavyoandikwa. Bujumbura, daktari aliyesomea kwa Kifaransa anaweza kusema presha yako ni 14 kwa 9. Kigoma utaambiwa 140 kwa 90. Ni kitu kimoja, na ndicho kiwango ambacho kuanzia hapo huhesabiwa kuwa shinikizo la juu. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikiandikwa gramu 1.26 kwa lita upande mmoja, upande wa pili itasomeka 7.0. Nayo ni ileile, na ndipo kisukari huanzia.

Mwenye dawa aandike katika daftari jina la dawa yenyewe, kama vile amlodipine, na kiasi chake, kwa sababu majina ya kibiashara yanaweza kubadilika mtu akivuka mpaka. Abebe dawa za siku nyingi kuliko za safari, maana lori hukwama. Na aendelee kuzimeza hata akijisikia mzima, kwa kuwa presha inaweza kuharibu moyo, figo na ubongo bila maumivu yoyote.

Daftari hilo likae pamoja na hati za mzigo. Litamsaidia daktari wa upande wowote wa mpaka. Na siku mdodosaji atakapobisha hodi Kinindo, hata msafiri akiwa hayupo, walio nyumbani wataje siku atakayorudi.