Kukodi Kompyuta Pepe: Uliza Kwanza Kuhusu Kadi ya Grafiki

Kijana wa Watamu anayehariri video za harusi, au mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani anayejifunza akili mnemba, huenda hana uwezo wa kununua kompyuta yenye kadi nzuri ya grafiki. Njia mojawapo ni kukodi kompyuta pepe kupitia intaneti na kulipa kwa saa. Njia hii inafaa, lakini wapo wanaolipa kisha kazi ikatambaa kama kobe. Mara nyingi tatizo ni kadi.

Kompyuta pepe ni programu inayojifanya kompyuta kamili ndani ya seva. Seva moja hubeba nyingi, mfano wa ploti ya nyumba za kupanga. Prosesa na kumbukumbu hugawika kwa urahisi kama vyumba. Kadi ya grafiki ni kama bomba la maji, na seva nyingi hazina bomba hata moja. Hapo prosesa ndiyo hulazimika kuchora kila picha, sawa na kuteka maji kwa mtungi. Kuandika barua utaweza. Kuhariri video utachoka.

Mpangilio bora kwa kasi ni kadi nzima kukabidhiwa kompyuta pepe moja. Kasi yake hukaribia ile ya kompyuta ya kawaida, lakini hakuna mpangaji mwingine anayeweza kuitumia wakati huo, hata mwenye ploti. Ndiyo maana bei iko juu. Mpangilio wa tatu ni kugawana: kadi ya GB 24 ikigawiwa wanne, kila mmoja hupata GB 6, na kasi hushuka wote wanapofanya kazi pamoja.

Kwa hivyo kabla ya kulipa, uliza: kadi ni ya aina gani, ni nzima au ya kugawana, na kumbukumbu yake ni GB ngapi? Lipia saa moja kwanza. Kama kadi ni ya Nvidia, andika amri ya nvidia-smi. Usipoiona kadi hapo, dai maelezo.

Piga pia hesabu ya intaneti yako. Video za GB 50 zikipakiwa kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde huchukua takriban saa 11, tena umeme usipopotea. Kwa mhariri wa harusi, hesabu hiyo pekee yaweza kumfanya abaki na kompyuta yake ya zamani. Kwa anayechora majengo, ambaye faili zake ni ndogo, kukodi kunalipa.

Na kumbuka: kufunika laptopu hakuzimi mashine iliyo kwenye seva. Saa huendelea kuhesabiwa hadi uizime katika akaunti yako, na diski yenye faili zako yaweza kuendelea kutozwa mpaka uifute.