Mashine Ikizima Nje ya Mwamba

Anayerusha kamba hatamki bei. Kijana wa pwani ya Tanga hulijua hilo kabla hajajua kubadilisha plagi, awe wa Moa, Sahare, Kigombe au Kipumbwi. Boti ikionekana inaelea imeupa wimbi ubavu, mashine imeinuliwa na mtu ameinama tezini akihangaika nayo, anayepita karibu hupunguza mwendo na kuuliza kama kuna usalama. Akijibiwa kuwa mashine imekata, swali linalofuata ni moja tu: kamba mnayo? Fedha hazitajwi. Zitatajwa baadaye, nchi kavu, vyombo vikishatia nanga, na mara nyingi watakaozitaja si hao waliokuwa baharini.

Mgeni akiyaona hayo hudhani watu wa pwani hukokotana bure. La. Malipo yapo, na yana utaratibu ambao wazee wa diko lolote, pale vyombo vya wavuvi vinapotia nanga, wanaweza kukueleza bila kusita. Ila utaratibu huo haujaandikwa popote, na siku hizi unavutwa huku na huku.

Kwanza tuitazame bahari yenyewe, kwa kuwa ndiyo inayopanga gharama. Mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi, kuanzia Aprili hivi hadi Oktoba, upepo na maji husukuma upande mmoja, na mkondo hukaza. Kaskazi ikiingia mkondo hupungua nguvu, lakini hauachi njia yake. Boti iliyozima mbele ya Pangani, basi, haikai ikisubiri msaada. Inakwenda. Itapita Kigombe, itapita Tanga, itapita Moa, na wasipoiona watu wa Jasini itavuka mpaka na kuwa shida ya watu wa Vanga, Kenya.

Ndani ya miamba mambo si mabaya sana. Kati ya nchi kavu na visiwa vya Karange, Yambe na Ulenge maji si marefu, nanga hushika, na watu wanaweza kupiga makasia au kungoja maji yajae wasogee. Nje ya mwamba ni habari nyingine. Sakafu ya bahari inaporomoka hadi mamia ya mita katika Mkondo wa Pemba. Huko ndiko anakoishi silikanti, yule samaki wa kale ambaye wavuvi wa Tanga, hasa wa Kigombe, walimnasa mara kwa mara kwenye jarife miaka ya 2000, mpaka serikali ikatangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga mwaka 2009. Amari ya mvuvi haifiki kwa silikanti. Aliyezimikiwa na mashine huko hana pa kushika, na anayekwenda kumkokota anarudi akipigana na mkondo, chombo kizito nyuma yake, petroli ikiteketea mara mbili ya kawaida. Ndiyo maana nahodha akielezwa kisa cha kukokotwa huuliza kwanza: ndani ya mwamba au nje?

Sasa malipo. Roho haina malipo. Ukimtoa mtu majini humdai kitu, na ukimdai utaitwa majina ambayo wanao watayarithi. Usiku ule wa Septemba 2011, meli ya abiria MV Spice Islander I ilipozama ikielekea Pemba, wavuvi wa Nungwi walitoka na vyombo vyao kuokoa watu. Hakuna aliyetegemea kulipwa. Katika hili wazee wetu na mabwana sheria wa London wamekutana bila kuandikiana barua: Mkataba wa Kimataifa wa Uokoaji Baharini wa mwaka 1989 unasema aliyeokolewa uhai hadaiwi ujira, lakini mwenye chombo au mali iliyookolewa hudaiwa, tena pale tu kazi ilipofanikiwa. Kamba ikikatika katikati na boti ikapotea, mwokoaji hana dai. Diko la Kigombe lingehukumu vivyo hivyo.

Kinacholipwa kwanza ni petroli. Hapa pana jambo ambalo mtu wa bara huenda asilione. Mashine nyingi za boti zetu, zile za viharusi viwili, haziendi kwa petroli kavu. Huchanganywa na oili, kwa kawaida lita moja ya oili kwa hamsini za petroli. Aliyekukokota akitumia lita kumi, ukimpelekea dumu la lita kumi kutoka kituoni, hujamaliza deni, kwa kuwa oili yake umeila. Waungwana hurudisha petroli iliyokwisha changanywa, au petroli pamoja na chupa ndogo ya oili mkononi. Wasio waungwana hurudisha petroli kavu, tena dumu halijajaa vizuri, na jambo hilo hukumbukwa kwa muda mrefu kuliko thamani yake.

Cha pili ni kitoweo. Boti iliyokokotwa ikiwa na samaki, kila baharia wa chombo kilichosaidia hupewa wa kupeleka nyumbani, na hutolewa kabla samaki hawajaingia mnadani. Mpangilio huo una maana kubwa. Samaki akishafika kwenye mnada wa Deep Sea, akishatajiwa bei na madalali na mama karanga, yaani wanawake wakaanga samaki, wakiwa wamezunguka na ndoo zao, amekwisha kuwa fedha, na fedha ina wenyewe wengi. Kabla ya hapo bado ni samaki, nahodha ana mamlaka ya kumtoa bila kumwuliza mtu. Boti ikirudi tupu, kitoweo hubaki deni la heshima hadi siku nyingine.

Cha tatu ndicho kinacholeta maneno: muda uliopotea. Chombo kilichoacha samaki wake kikaja kukukokota kimepoteza nini? Katika uvuvi wa dagaa swali hili ni kali kweli. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, na mwezi ukipea watu hupumzika. Usiku wa kuvua ni wa kuhesabu, na boti moja ya mtando huweza kubeba watu ishirini na zaidi, kila mmoja na familia yake. Nahodha akizima taa zake, akakusanya nyavu na kwenda kumvuta mwenzake, amewanyima watu wote hao riziki ya usiku mzima. Petroli peke yake haitoshi. Lakini hakuna awezaye kusema dagaa ambao hawakuvuliwa walikuwa ndoo ngapi, na nahodha mwenye kudai ndoo arobaini za kufikirika huchekwa na diko zima. Kwa hiyo mara nyingi hapa hukubaliwa kitu cha wastani, ndoo kadhaa au fedha kidogo, na kinachobaki husamehewa kwa hesabu kwamba mwezi ujao mashine yangu nayo itakata. Si hisani tupu, ni akiba. Kila mtu ameweka kamba yake kwa wenzake.

Nani alipe? Tajiri, yaani mwenye boti na mashine, ndiye jibu la haraka. Jibu kamili limo katika mgao. Kwenye vyombo vingi, mauzo yakipatikana, kwanza hutolewa gharama: mafuta, chakula, barafu kama ilikuwapo. Kinachobaki ndicho kinachogawanywa, fungu la chombo, la mashine na la nyavu likienda kwa tajiri, fungu jingine kwa mabaharia. Petroli ya kukokotwa ikiingizwa kwenye gharama, ina maana mabaharia wameilipia pia. Tajiri huona hilo ni haki: safari ni yenu, gharama za safari ni zetu sote. Mabaharia huona ni dhuluma: tulikulilia plagi wiki mbili, ukatwambia zitasogea.

Nimewasikiliza wakibishana hivyo na sijaona upande usio na hoja. Mashine hufa kwa sababu nyingi. Mchanga na nailoni huziba njia ya maji ya kupoza. Pini ya pangaboi hukatika chombo kikigusa mwamba, na hapo nahodha ndiye aliyekata njia fupi. Petroli nayo ina mambo yake. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kupambana na uchakachuaji, lakini petroli inayouzwa kijijini kwa madumu na chupa imepita mikono mingi tangu itoke kituoni, na tone la maji halihitaji mtu mbaya ili liingie. Wa kulaumiwa ni nani, tajiri aliyetoa fedha pungufu au kijana aliyenunua dumu la karibu ili asitembee? Kanuni inayonipendeza ni ile ambayo baadhi ya matajiri huifuata wenyewe: mashine ikifa kwa ukuukuu wake, petroli ya kukokotwa hutoka kwenye fungu la mashine, ikifa kwa uzembe wa safari, hutoka kwenye gharama za wote. Tajiri anayechukua fungu la mashine kila siku ya neema, kisha siku mashine imekataa akasema hasara ni ya wote, anakula kuwili.

Wapemba wa dago wana nafasi yao katika haya. Tangu zamani wavuvi wa Pemba huvuka na kupiga kambi za msimu pwani ya Tanga na hata Kenya, wakivua kwa miezi kadhaa na kurudi kwao. Mgeni wa dago hana tajiri jirani wala duka linalomkopesha, kwa hiyo akikokotwa hulipa papo hapo kwa samaki, na kwa kawaida hulipa vizuri kuliko mwenyeji. Anajua jina lake likiharibika diko moja litafika kabla yake diko la pili. Upande wa pili naye mwenyeji hamkazi, kwa kuwa ana ndugu Wete au Mkoani, na chombo chake kinaweza kusukumwa huko siku upepo ukigeuka.

Ngalawa hazimo kwenye hesabu hii ila kwa upande mmoja: huleta habari. Hazina nguvu ya kukokota boti ya fiba, lakini tanga halihitaji plagi. Ngalawa ikipita karibu na chombo kilichozima hupeleka salamu ufukweni, na kazi hiyo haina malipo kabisa, hata kitoweo si lazima. Mashua nyingi zilikuwa zikibeba tanga dogo na makasia hata baada ya kufungwa mashine. Siku hizi utakuta boti ina mashine moja, haina tanga, na kasia ni moja, ndilo la kusukumia ufukweni. Hilo ni kosa, na halihitaji mtaalamu kutoka wizarani kulieleza.

Kilichoyageuza mambo kuliko chochote ni simu. Zamani aliyekuona ndiye aliyekukokota. Sasa, palipo na mtandao, nahodha hupiga simu kwa tajiri, tajiri huwapigia wawili watatu wenye boti, na chombo hutumwa kutoka nchi kavu kuja kuchukua chombo. Huyu hakukukuta njiani. Ametia mafuta kwa ajili yako, amewaita vijana wake kutoka nyumbani, na bei imepatanwa kabla kamba haijalowa, pengine nusu yake imekwisha ingia kwenye simu. Wazee wengine hunung'unika kuwa fadhila imeuzwa. Mimi sioni hivyo. Kutumwa ni kazi, na kazi hulipwa. Marekani yapo makampuni ya namna hiyo hiyo. Sea Tow, iliyoanza 1983, huchukua ada ya mwaka kama bima, na asiye mwanachama hulipa kwa saa. Uingereza nako RNLI, jumuiya ya waokoaji iliyoanzishwa 1824, huendeshwa kwa michango na haimtozi aliyeokolewa. Kibaya kwetu kingekuwa kuchanganya kukutana njiani na kutumwa: mtu akukute njiani, ndani ya mwamba, akiwa anarudi kwao, halafu adai bei ya aliyetumwa. Visa vya namna hiyo vimeanza kusikika, na hasa vinawapata wasio na mwenyewe: boti ya watalii iliyozima kati ya Maziwe na Ushongo, au chombo kilichopakia mzigo kutoka bandari bubu, ambacho hakithubutu kuita polisi na hivyo hakina nguvu ya kubishana. Wa magendo simtetei. Lakini bei ya kamba isitegemee hofu ya anayeishika.

Suala la nani alipe linakuwa zito zaidi sasa, kwa kuwa serikali inakopesha boti za kisasa za fiba kwa vikundi vya wavuvi bila riba. Boti ya kikundi haina tajiri mmoja wa kuulizwa. Ikikokotwa, nani anatoa petroli, mwenyekiti, mweka hazina, au waliokuwa zamu usiku huo? Kabla wajumbe hawajakubaliana, aliyekokota atakuwa ameacha kuuliza, na mara ya pili atapita mbali.

BMU za pwani (vikundi vya kusimamia rasilimali za uvuvi), ambazo Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 zinazitambua, zina mikutano yao na zinaweza kuweka taratibu zao. Zinashughulika na nyavu, leseni na doria, na ni sawa. Ziongeze ukurasa mmoja: lita ngapi kutoka wapi hadi wapi, pamoja na oili yake, kitoweo kabla ya mnada, nani hulipa mashine ikifa yenyewe na nani hulipa ikifa kwa uzembe, na anayekutana nawe njiani asidai zaidi ya hapo. Ubandikwe pale wanapouzia petroli, kila nahodha ausome kabla hajajaza dumu.