"Nitarudi" Si Ahadi

Katika mitaa ya Eastlands, jijini Nairobi, biashara nyingi za mafundi wa jua kali hufia katika neno moja. Mteja hufika Kamukunji au Kariobangi, akauliza bei ya mlango wa chuma, akatoa vipimo na nambari ya simu, kisha akaaga: "Acha nizunguke kidogo, nitarudi." Siku zikapita, asionekane wala asisikike.

Kisarufi, kiambishi -ta- chadokeza wakati ujao. Kimatumizi, mambo ni mengine. Mwanafalsafa J. L. Austin, katika kitabu chake cha 1962, alionyesha kwamba kusema ni kutenda. Tendo la "nitarudi" aghalabu si kuahidi bali ni kuaga kwa staha: mteja amestahiwa asiungame kuwa hana pesa, naye fundi asiambiwe kuwa bei yake ni ghali.

Hapo ndipo fundi anapotatizika. Akinyamaza, atampoteza hata yule aliyenuia kurudi kwa dhati. Akiuliza, "Mbona ulisema utarudi na hukurudi?" amemgeuza mteja kuwa mshtakiwa, na mshtakiwa hanunui mlango. Kosa ni kudai ahadi ambayo haikutolewa.

Basi na aulize habari za kazi, si za ahadi: "Habari za leo, mama. Ni mimi fundi wa Kamukunji. Ule mlango uliouulizia Jumamosi, bado wauhitaji? Bei niliyokutajia itadumu hadi Ijumaa, nitakapokwenda kununua chuma. Kama umepata kwingine, si neno, nijulishe tu." Ujumbe huu wamkumbusha mteja, wampa siku maalumu na sababu yake, tena wamfungulia njia ya kukataa bila haya. Jibu la "hapana" nalo lina faida, kwani fundi hatafunga mtaji wake katika chuma kisicho na mwenyewe.

Walimu wenzangu, katika uandishi wa kiuamilifu twafundisha barua ya kuomba kazi na ya kuagiza bidhaa. Barua ya pili, ile ifuatayo kimya, twaipuuza. Serikali ilitoa waraka wa sera kuhusu jua kali mwaka 1992, na wengi wa wanafunzi wetu watapata riziki huko. Tuwape zoezi hili: mteja amenyamaza wiki nzima, mwandikie mistari minne, usimlaumu wala usimsihi. Atakayeiandika vyema atakuwa amejifunza lugha, na riziki pia.